Nasaba na Kazi: Historia ya Uteuzi wa Mbwa wa Labrador

Mwanadamu achaguapo mbegu, huonyesha njaa yake. Achaguapo chombo, huonyesha safari yake. Na achaguapo mbwa, huonyesha kazi anayoithamini, au huonyesha kwamba hathamini kazi yo yote. Katika makala haya nakusudia kueleza historia ya uteuzi mmoja, nao ni uteuzi wa mbwa aitwaye Labrador, ambaye kwa muda wa karibu miaka mia mbili amekuwa mwenzi wa wasasi wa ndege kwa bunduki, kwanza Uingereza, kisha Marekani na nchi nyingine. Yamkini msomaji atauliza mbwa ana haja gani katika jarida la wanafunzi na wanazuoni. Jawabu langu ni kwamba habari za mnyama huyu ni mfano wa wazi wa jambo litupasalo kulifahamu: sifa hujengwa kwa kazi, huhifadhiwa kwa kazi, na hupotea kazi inapoachwa, hata kama jina na nasaba vingali vimeandikwa kwa wino safi.

Tuanze na jina, maana jina lenyewe ni kosa. Labrador ni nchi ya bara, kaskazini mashariki ya Kanada, yenye baridi kali na pwani ya mawe. Mbwa tunayemzungumza hakutoka huko. Alitoka katika kisiwa cha Newfoundland, kilicho ng'ambo ya mlango wa bahari upande wa kusini, na hasa katika vijiji vya wavuvi vya pande za St. John's. Watu wa zamani walimwita mbwa wa maji wa St. John's, na wengine walimwita Newfoundland mdogo, ili kumtenga na yule mbwa mkubwa mwenye manyoya marefu aliyelichukua jina la kisiwa. Jina la Labrador alipewa na Waingereza waliompokea katika bandari zao, ambao hawakujisumbua sana na mipaka ya nchi za mbali. Mwanafunzi wa historia na aliweke akilini fundisho hili la kwanza: jina huweza kudumu karne nzima bila ya kusema kweli.

Kisiwa cha Newfoundland kilijulikana kwa mabaharia wa Ulaya tangu safari ya John Cabot ya mwaka 1497, na utajiri wake ulikuwa samaki. Waingereza, Wafaransa, Wareno na Wabaski walivuka bahari kila mwaka kwenda kuvua chewa wa maji ya baridi, ambao walipasuliwa, wakatiwa chumvi, wakaanikwa kama tuanikavyo ng'onda, kisha wakauzwa katika masoko ya Ulaya. Kwa miaka mingi mbwa wa mabaharia hao walichanganyika na kuzaana kisiwani, na katika mchanganyiko huo akatokea mbwa mweusi wa kimo cha kadiri, mwenye nywele fupi zilizosongamana, na mara nyingi mwenye doa jeupe kifuani na miguuni.

Kazi yake haikuwa mchezo. Alirushwa majini kumkamata samaki aliyeponyoka katika ndoana; aliogelea na kamba mdomoni kutoka mashua hata pwani; alisaidia kuvuta nyavu; na wakati wa baridi alikokota kuni juu ya theluji. William Epps Cormack, aliyekivuka kisiwa hicho kwa miguu mwaka 1822, aliandika kwamba mbwa wadogo wa huko walifundishwa vizuri kuokota ndege waliopigwa, na kwamba wenyeji waliwapendelea wenye nywele fupi, kwa sababu nywele ndefu zilishika barafu mbwa alipotoka majini. Maneno hayo ni machache, lakini yana thamani kubwa kwa mwanahistoria. Yanatuonyesha wavuvi maskini, wasio na vitabu vya nasaba wala vyama vya mbwa, wakifanya uteuzi kwa kipimo kisichodanganywa. Bahari yenyewe ndiyo iliyokuwa mwamuzi. Mbwa aliyelemewa na barafu hakufaa kesho yake, na asiyefaa hakulishwa, maana chakula kilikuwa haba.

Wahenga wetu wa pwani wamesema kwamba mbwa hafi maji akiona ufuko. Mbwa wa St. John's alikivuka kipimo hicho, kwani pwani yake ni mashuhuri kwa ukungu, naye aliingia majini hata pale ufuko usipoonekana.

Sasa na tuvuke bahari pamoja naye. Bandari ya Poole, katika jimbo la Dorset kusini mwa Uingereza, ilikuwa na biashara kubwa na Newfoundland, na vyombo vilivyoleta samaki wa chumvi vilileta na mbwa. Mabaharia waliwauza huko kama mtu auzavyo bidhaa ndogo ya kujipatia fedha ya mfukoni. Kanali Peter Hawker, msasi mashuhuri wa ndege wa majini, aliwasifu katika kitabu chake cha kuwaelekeza wasasi vijana, ambacho kilitoka mara ya kwanza mwaka 1814 na kupigwa chapa tena mara nyingi. Aliona kwamba mbwa wa St. John's ndiye mwema kuliko wote kwa kila namna ya usasi wa bunduki: mwepesi wa mbio, hodari wa kuogelea, mwenye pua isiyoshindwa.

Karibu na Poole aliishi Earl wa pili wa Malmesbury, mtu wa ukoo mkubwa, ambaye mashamba yake ya Heron Court yalikuwa na mabwawa yenye bata mwitu wengi. Alinunua mbwa katika vyombo vile, na mwanawe, Earl wa tatu, akaendelea kuwazalisha kwa uangalifu. Huyo wa tatu aliandika katika uzee wake kwamba mbwa wake aliwaita Labrador siku zote, na kwamba alama zao za kweli zilikuwa manyoya yaliyosongamana yanayomwaga maji kama mafuta, pamoja na mkia unaofanana na mkia wa fisi maji. Tuzingatie kwamba alama zote mbili ni za kazi: manyoya humkinga mbwa na baridi, na mkia humwongoza majini kama usukani uongozavyo chombo. Huko Scotland nako koo za Buccleuch na Home zilikuwa na mbwa wa asili hiyo hiyo tangu miaka ya 1830. Katika miaka ya 1880 watu wa koo hizo walialikwa kuwinda Heron Court, wakastaajabia kazi ya mbwa wa Malmesbury, naye akawapa zawadi ya mbwa wachache. Wawili kati yao, Ned na Avon, wanahesabiwa kuwa mababu wa Labrador wa leo. Laiti zawadi hiyo isingetolewa, huenda mbwa huyu angebaki habari ya vitabuni tu.

Lakini kwa nini matajiri wa Uingereza walimhitaji mbwa wa wavuvi? Sababu kubwa ilikuwa badiliko la bunduki. Zamani msasi alitumia gobori, akishindilia baruti na marisau mdomoni mwa bunduki, kazi iliyochukua muda. Alitembea polepole nyuma ya mbwa aliyetafuta ndege na kusimama kimya kuwaonyesha. Baada ya maonyesho makubwa ya London ya mwaka 1851, ambako bunduki ya Kifaransa ya kutiwa risasi nyuma ilionekana na watu wengi, silaha ya namna hiyo ilienea, na usasi ukageuka. Wawindaji walisimama mahali pamoja, na watu wengine wakawaswaga ndege kuwaelekea. Ndege wengi walianguka kwa saa moja, wengine wamekufa, wengine wamejeruhiwa tu na kukimbilia vichakani au majini. Sasa alihitajika mbwa wa tabia nyingine: akae kimya milio ikivuma na ndege wakianguka mbele ya macho yake, asiondoke mpaka aambiwe, kisha aende upesi, amtafute aliyejeruhiwa, amlete akiwa mzima kama yai lililobebwa kwa mkono. Mbwa aliyezoea kubeba samaki bila ya kumtoboa alikuwa amekwisha jifunza nusu ya somo hilo kabla ya kuingia darasani.

Wakati nyota yake ilipokuwa ikipanda ugenini, nyumbani ilikuwa ikizama. Serikali ya Newfoundland ilitaka kukuza ufugaji wa kondoo, na mbwa walilaumiwa kwa kuwaua. Sheria ya kuwalinda kondoo ya mwaka 1885 iliruhusu wilaya kupiga marufuku ufugaji wa mbwa, na ada za leseni zilimlemea mvuvi asiye na kitu. Upande wa pili, Uingereza iliweka karantini kali mwishoni mwa karne ya 19 kwa kuogopa kichaa cha mbwa, hata njia ya kuleta mbwa wapya kutoka kisiwani ikawa kama imezibwa. Mbwa wa maji wa St. John's akaendelea kupungua. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mbwa wawili wazee, madume wote wawili, walipigwa picha katika kijiji cha Grand Bruit, kusini mwa Newfoundland, na hao wanatajwa kuwa wa mwisho wa asili yao. Mwaka 2010 hata kijiji chenyewe kilihamwa. Hivyo mtoto aliyepelekwa ugenini alistawi, na ukoo uliobaki nyumbani ukakatika. Wala haukukatika kwa kukosa sifa, bali kwa kukosa mtu mwenye uwezo wa kulipia sifa hizo.

Turudi Uingereza. Chama cha mbwa kiitwacho Kennel Club, kilichoundwa mwaka 1873, kilimtambua Labrador kama aina ya peke yake mwaka 1903. Mwaka uliofuata jike mweusi, Munden Single, mali ya Arthur Holland-Hibbert, alishiriki katika mashindano ya kazi mashambani, ambamo waamuzi hawatazami uzuri bali jinsi mbwa anavyotafuta na kuleta mawindo. Mwaka 1911 Labrador aitwaye Peter of Faskally alishinda ubingwa mkuu wa mbwa waletao mawindo. Hata hivyo kulikuwa na fujo katika uandikishaji, maana mbwa wa mchanganyiko waliweza kuandikwa kwa jina la aina waliyofanana nayo. Kwa sababu hiyo wapenzi wa Labrador waliunda chama chao mwaka 1916. Holland-Hibbert, aliyekuja kuitwa Lord Knutsford, alikuwa mwenyekiti, na mwanamke mmoja, Lorna, ambaye baadaye alikuwa Countess Howe, alikuwa katibu.

Bibi huyu ametuachia kisa ambacho kila mteuzi wa mbwa angefaa kukijua. Alikuwa na mbwa mpendwa, Scandal of Glynn, aliyekufa mapema na kuacha kizazi kidogo. Mtoto wake mmoja, aliyezaliwa mwaka 1915, alipitia mikono ya wafundishaji kadhaa, na wote wakamkataa. Walisema hafundishiki, na mauti yalikuwa karibu naye. Bibi Lorna alimchukua kwa ajili ya kumbukumbu ya baba yake, akakuta mbwa aliyetishwa mno, mwenye kuogopa bunduki na mjeledi. Alimtuliza kwa subira na wema, siku baada ya siku, mpaka hofu ikamtoka. Mbwa huyo, Banchory Bolo, akawa Labrador wa kwanza kupata ubingwa wa namna mbili, wa maonyesho na wa kazi, na damu yake ikaenea katika nasaba nyingi. Wahenga husema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Bolo anatuonyesha upande wa pili wa methali hiyo: mbwa wa msasi mwoga ni mwoga, na wa msasi mtulivu ni mtulivu. Nasaba ilimpa uwezo, lakini mkono wa mwanadamu ndio uliokaribia kuuua, na mkono mwingine ndio uliouokoa.

Ubingwa wa namna mbili alioupata Bolo umekuwa adimu mno Uingereza tangu katikati ya karne ya 20, na uadimu huo ndio jambo zito la historia hii. Jamii ya Labrador imegawanyika. Wale wa maonyesho wamezalishwa wawe wapana wa kifua, wazito, wenye kichwa kikubwa. Wale wa kazi wamezalishwa wawe wepesi, wembamba, wenye mbio na moyo wa kutii. Wote wana jina moja na wameandikwa katika daftari moja. Juu ya hayo umekuja umaarufu. Marekani peke yake, Labrador aliongoza orodha ya mbwa walioandikishwa kwa miaka 31 mfululizo, tangu 1991 hata 2021. Katika wingi huo mbwa wengi walizaliwa na wazazi ambao hawakupata kubeba ndege hata mmoja, wala wazazi wa wazazi wao. Sipendi kuwalaumu wafugao mbwa kwa ajili ya mapenzi na watoto nyumbani. Hiyo nayo ni kazi njema. Nasema tu kwamba anayetafuta msaidizi wa usasi akitosheka na jina la Labrador, anarudia kosa la wale waliolitunga jina lenyewe.

Basi ateueje? Historia tuliyoipitia inatupa majibu manne.

Jibu la kwanza ni kutazama kazi ya wazazi, kama walivyofanya watu wa Buccleuch pale Heron Court. Mwenye busara huomba kumwona mama akifanya kazi, na baba pia ikiwezekana. Katika mashindano ya Uingereza mbwa hutolewa mara moja akilia au kubweka akiwa amekaa, akikimbia kabla ya kutumwa, akikataa kuingia majini, au akimponda ndege kwa meno. Makosa hayo hayakuchaguliwa ovyo. Tabia ya kulialia na ugumu wa mdomo huaminiwa na wafugaji wengi kuwa ni vitu vya kurithiwa, tena ni vigumu kuviondoa kwa mafunzo. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mfugaji mwenye mbwa hodari hatachoka kukupeleka shambani ukajionee.

Jibu la pili ni afya. Labrador husumbuliwa na kasoro za nyonga na za viwiko. Uingereza nyonga hupigwa picha ya eksirei mbwa akisha timiza mwaka mmoja, na hupewa alama tangu 0 hata 106, ambapo alama chache ndizo bora. Viwiko hupewa daraja tangu 0 hata 3. Macho nayo hupimwa, kwa kuwa yako maradhi ya kurithi yanayoleta upofu. Tena uko ugonjwa unaomwangusha mbwa baada ya dakika chache za mbio kali: miguu ya nyuma hulegea, na wengine hufa. Jeni yake ilitambuliwa mwaka 2008, na sasa hupimwa. Mbwa huugua tu akirithi kasoro hiyo kwa baba na kwa mama pia. Kwa hiyo inatosha mzazi mmoja awe safi ili watoto wasipatwe. Mwenye kununua asiridhike na maneno matamu, aombe vyeti.

Jibu la tatu ni kujihadhari na uteuzi wa jambo moja tu. Mwaka 2016 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cambridge walitangaza kwamba karibu Labrador mmoja kati ya wanne Uingereza ana upungufu katika jeni iitwayo POMC, unaoongeza hamu ya chakula na kuleta unene. Ajabu ni kwamba upungufu huo ulionekana zaidi katika mbwa walioteuliwa kuwasaidia walemavu. Yamkini sababu ni kuwa mbwa mwenye hamu ya chakula hufundishika kwa urahisi kwa kupewa kitoweo. Watu walidhani wanateua utii, kumbe huenda waliteua na njaa. Ndivyo ilivyo kwa rangi. Labrador ni mweusi, au wa manjano, au wa rangi ya kahawia, na rangi yo yote haileti ndege hata mmoja. Anayetanguliza rangi hupunguza idadi ya wazazi walio mbele yake, na huenda akaziacha sifa anazozihitaji. Vivyo hivyo kumzalisha bingwa mmoja na majike wengi mno hufanya ukoo mzima uwe wa damu moja, na kasoro iliyojificha hupata mlango wa kutokea.

Jibu la nne ni kwamba uteuzi hauishi siku ya kununua. Mtoto wa mbwa wa wiki nane aonyesha mambo machache tu: kama ni mchangamfu, kama hamwogopi mtu, kama anabeba kitu kwa furaha. Mengine yote hutegemea miezi ijayo. Mlio wa bunduki na auzoee kwa mbali, kisha karibu, kidogo kidogo. Afundishwe kukaa kabla ya kufundishwa kukimbia. Na adhabu isiwe mwalimu wake. Anayemfundisha kwa hasira na amkumbuke Bolo.

Nasaba ni ushahidi wa kazi zilizofanywa jana na mababu, na thamani yake hupungua kila kizazi kipitacho bila ya kujaribiwa. Wavuvi wa Newfoundland hawakuandika kitabu cho chote juu ya mbwa wao. Waliwaandika katika miili ya mbwa wenyewe, kwa nywele zisizoshika barafu na kwa mdomo usioumiza samaki. Maandishi hayo yangali yasomeka leo katika mbwa wa kazi aliyeketi kando ya bwawa, kimya, akingoja neno la bwana wake. Yatasomeka muda gani tena ni shauri la wale wanaoteua. Wavuvi walionyang'anywa mbwa wao kwa sheria na ada hawakuwa na la kufanya. Sisi tunaochagua kwa hiari hatuna udhuru huo.